Muulize Bi Mwalimu: Mijusi wa shingo ndefu walikuwa wa aina ngapi?

Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache tu mjusi wa Tendaguru, na barua zikamiminika. Zilizouliza jambo lilelile nimeziunganisha. Wale mlioniuliza kama nilimwona akiwa hai, nimeyahifadhi majina yenu.

Shikamoo Bi Mwalimu. Kitabu chetu kina picha moja ya dinosauri mwenye shingo ndefu na chini pameandikwa "mla majani". Mjomba wangu anasema Tendaguru peke yake kulikuwa na aina nyingi za hao wenye shingo. Rafiki yangu anasema wote ni walewale, tofauti ni ukubwa tu. Nani mkweli? Na kama walikuwa wengi, mbona hawakumaliza msitu?
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Nachingwea*

Marahaba mwanangu. Mjomba wako kashinda. Rafiki yako anadaiwa soda.

Kundi zima linaitwa sauropoda. Sifa zao za jumla unazijua: miguu minne, kiwiliwili kikubwa, kichwa kidogo, shingo ndefu mbele, mkia mrefu nyuma. Lakini kundi hilo lilidumu zaidi ya miaka milioni 130, likaenea mabara yote, kisha likatoweka miaka milioni 66 iliyopita. Ukoo uliokaa muda wote huo hauwezi kubaki na sura moja. Waliochora kitabu chenu walikuwa na nafasi ya picha moja, basi wakachagua mmoja.

Tuanze nyumbani. Kilima cha Tendaguru kiko kama kilometa 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Miaka milioni 150 hivi iliyopita hapo palikuwa pwani: maji mafupi ya chumvi, mafungu ya mchanga, matope yanayofunikwa na kufunuliwa na bahari, na nyuma yake msitu wa miti ya jamii ya misonobari, makangaga yakiwa chini. Ndiyo maana tabaka za mawe zenye mifupa ya dinosauri zinapishana na tabaka zenye makombe ya baharini. Katika miamba hiyo wataalamu wamekwisha kutaja jenasi saba za sauropoda (jenasi ni kundi la spishi, yaani aina, zilizo ndugu wa karibu). Saba, na eneo lenyewe ungeweza kulizunguka kwa baiskeli.

Mwenye jina ni Giraffatitan. Huyu ndiye watu wanayemsema wakisema "yule mjusi aliyeko Ujerumani". Mwaka 1914 Mjerumani Werner Janensch alimwita *Brachiosaurus brancai*, kwa kuwa alimwona ni wa jenasi moja na Brachiosaurus wa Colorado, Marekani. Mwaka 1988 Gregory Paul akatoa jina la Giraffatitan, na mwaka 2009 Michael Taylor akaichukua mifupa ya pande zote mbili, akailinganisha mfupa kwa mfupa, akaonyesha tofauti ni nyingi mno kuwaacha pamoja. Kwa hiyo hata hao waliohesabiwa kwa karibu karne nzima kuwa ni walewale, hawakuwa walewale. Mwambie rafiki yako.

Binti yangu anaishi Berlin na alinipeleka kumwona kwenye jumba la makumbusho. Kichwa sikukitazama sana, maana kiko juu mita 13.27 na miwani yangu ni ya kusomea. Nilitazama miguu ya mbele. Mfupa unaotoka begani hadi kwenye kiwiko peke yake una mita 2.13. Mlango wa nyumba yangu hapa Lindi haufiki huko. Na miguu hiyo ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, basi mgongo unateremka kutoka mabegani kwenda kiunoni na shingo inaanza safari yake tayari ikiwa juu. Mnyama wa umbo hilo anakula vileleni. Meno yake ni manene na imara, ya kukata matawi.

Sasa geuka upande wa pili. Ukumbi huohuo amesimama Dicraeosaurus, naye katoka Tendaguru. Wageni wanampita ili wapige picha na mkubwa. Mimi nilikaa naye huyo mpaka binti yangu akaanza kutazama saa. Urefu wake ni mita kama 13, shingo ina pingili (vipande vya mfupa wa uti) 12 tu na kwa kipimo cha sauropoda ni fupi. Juu ya pingili za shingo na za mgongo wa mbele kuna mifupa mirefu iliyosimama na kufanya panda, kwa hiyo akiwa hai lazima alikuwa na kigongo cha ngozi shingoni. Meno ni membamba, yamekaa mbele ya mdomo tu. Huyo kula kwake ni chini na katikati: makangaga, vichaka, miti michanga. Yeye na Giraffatitan waliweza kusimama msitu mmoja kutwa nzima bila kugombea jani.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Urefu wa shingo na umbo la meno vilimpangia kila mmoja mahali pake pa kula. Lakini nisikudanganye kwamba wote saba walikuwa pale asubuhi moja. Tabaka za Tendaguru zilijengeka kwa muda mrefu sana, na baadhi yao hawakuonana kabisa. Hata Dicraeosaurus wenyewe ni spishi mbili, mmoja wa tabaka la kati na mwingine wa tabaka la juu.

Tornieria ni jamaa ya Diplodocus: miguu ya nyuma ndiyo mirefu, mkia mrefu unaomalizikia kwa pingili nyembamba. Janenschia tunamjua kwa miguu, mifupi na minene. Tendaguria anajulikana kwa pingili chache za mgongo. Australodocus ana pingili mbili za shingo, basi, na kwa hizo mbili wataalamu wamegombana: mwaka 2007 aliwekwa kwa jamaa za Diplodocus, baadaye wengine wakamhamishia upande wa jamaa za titanosauri, tawi la sauropoda lililodumu mpaka mwisho.

Wa saba ndiye kipenzi changu, kwa upendeleo usiofichika, maana mimi ni Mmwera. Anaitwa *Wamweracaudia keranjei*, yaani mkia wa Wamwera. Ni mkia kweli: mfululizo wa pingili zake uliokaa makumbusho miaka mingi ukiandikwa kuwa ni wa Janenschia. Ukiishika pingili ya mkia huo, upande wa mbele umebonyea na upande wa nyuma umetuna, na mtuno unaingia sawasawa kwenye mbonyeo wa pingili inayofuata. Mwaka 2019 Philip Mannion na wenzake waliiangalia upya, wakaona jamaa zake wa karibu ni Mamenchisaurus wa Uchina. Hebu fikiri: wanyama wa ukoo huo walikuwa wanajulikana kwa Asia, kumbe na Lindi wapo, tena wamefichwa kwenye kabati kwa jina la mtu mwingine.

Bi Mwalimu, shingo ya mita nane haivunjiki? Na ni kweli waliishi majini? Picha za zamani nilizoziona zinawaonyesha wamezama, kichwa tu kiko nje.
*Nahodha, Kilwa Masoko*

Nahodha, hayo ya majini yalikuwa maoni ya watu wazima wenye shahada, kwa hiyo usione haya. Walitazama ukubwa wa mwili, wakasema nchi kavu haungebebeka. Mwaka 1951 mtaalamu aitwaye Kermack alieleza tatizo ambalo wewe unayezamia unalifahamu bila kufundishwa: ukiwa chini mita kadhaa maji yanabana kifua, na huwezi kuvuta hewa ya juu kwa bomba refu. Mnyama aliyesimama na mapafu yake chini kiasi hicho, pua tu ikiwa juu, asingeweza kupumua. Zaidi ya hapo, nyayo zao zimepatikana sehemu nyingi wakitembea kwa miguu yao wenyewe, na mwili wao ungeelea kuliko kuzama.

Ungeelea kwa sababu ya jambo hilohilo lililoiwezesha shingo. Ukiona pingili ya shingo ya Giraffatitan iliyokatwa, ndani ni mkate wa kumimina: vishimo juu ya vishimo, na kuta nyembamba katikati. Ubavuni kuna tundu kubwa la kuingilia. Akiwa hai, mifuko ya hewa iliyotoka kwenye mapafu ilipenya humo, na mpango huohuo ndege wanao hadi leo. Kwa hiyo pingili yenye urefu wa karibu mita moja ilikuwa nyepesi kuliko macho yanavyokwambia. Jambo hili lilishusha hata makadirio ya uzito. Mwaka 1962 Edwin Colbert alimkadiria mjusi wetu tani 78. Makadirio ya siku hizi mengi yako kati ya tani 23 na 40, na mimi naona hata 23 zinamtosha.

Pili, kichwa. Sauropoda hawakutafuna. Walikata, wakameza, na tumbo likafanya kazi iliyobaki. Asiyetafuna hahitaji taya nzito wala misuli mikubwa ya mashavu, na kichwa chepesi mwisho wa shingo ni nafuu kubwa. Tembo anatafuna, kwa hiyo kichwa chake ni kizito na shingo fupi, akahitaji mkonga.

Idadi ya pingili nayo ni jambo. Wewe, mimi na twiga tuna saba shingoni. Giraffatitan alikuwa nazo 13. Mamenchisaurus wa Uchina walifika 19, na mmoja wao, *Mamenchisaurus sinocanadorum*, mwaka 2023 alikadiriwa shingo ya mita 15. Kama walizibeba shingo hizo zikiwa zimelala mbele au zimesimama, wataalamu hawajapatana, na ukiwakuta wawili pamoja usilianzishe.

Nani mkubwa kuliko wote?
*Msomaji, Muscat*

Hili huulizwa kila mara, na kusema kweli ndilo swali linalonichosha. Wanaotajwa mbele ni wa Ajentina. Argentinosaurus alipewa jina mwaka 1993 kwa mifupa michache tu, kwa hiyo kila anayempima anajaza sehemu kubwa kwa hesabu. Patagotitan, aliyepewa jina mwaka 2017, ana mifupa ya wanyama kadhaa waliofukiwa sehemu moja katika shamba la mkoa wa Chubut, mfupa wa kwanza ukiwa umeonwa na mfanyakazi wa shamba. Huyo alifika mita 37 hivi, na uzito wake hukadiriwa kati ya tani 50 na 70. Tembo dume mkubwa wa Afrika ana tani kama sita.

Mimi ningefurahi siku moja mkaniuliza nani mdogo. Jibu: Europasaurus wa Ujerumani, mita sita kichwa hadi mkia akiwa mtu mzima. Mwaka 2006 Martin Sander na wenzake walikata mifupa yake, wakaitazama kwa hadubini, wakakuta alama za ukuaji uliokwisha. Hakuwa mtoto. Waliishi visiwani, eneo dogo, chakula kidogo, na vizazi vikapungua umbo. Chimbuko lake ni jamaa wa mbali wa Giraffatitan wetu. Ukoo mmoja, mwingine anafika ghorofa ya nne, mwingine ukimfuga anaenea uani.

Bi Mwalimu, mimi nachora. Sauropoda wote wananitoka vilevile. Nipe wenye vituko.
*Mchoraji, Mombasa*

Chukua kalamu.

Nigersaurus, wa Niger, mita tisa. Mdomo wake mbele umekatwa mraba na ni mpana kuliko kichwa chenyewe nyuma, na meno yote yamejipanga kwenye ukingo huo wa mbele. Ukihesabu yaliyo kazini na yanayosubiri ndani ya taya ni zaidi ya 500, na kila jino lilidumu kama siku 14 kabla ya kusukumwa na linalofuata. Mchore ameinamisha kichwa, mdomo ukiwa ardhini. Shingo kwake haikuwa ya kupanda juu, ilikuwa ya kufagia huku na huku bila kusogeza miguu.

Amargasaurus, wa Ajentina, binamu wa Dicraeosaurus. Shingoni ana safu mbili za miiba mirefu ya mfupa. Kama ilifunikwa ngozi ikawa tanga, au ilikuwa wazi na ncha kali, hapo una uhuru wako.

Brachytrachelopan, naye wa Ajentina na wa ukoo huohuo. Shingo yake ni fupi kuliko mgongo wake. Ndiyo, mwenye shingo ndefu asiye na shingo ndefu. Wasomaji wako watakwambia umekosea kuchora, na wewe utanyamaza kwa raha.

Shunosaurus, wa Sichuan, Uchina: mwisho wa mkia ana rungu la mfupa. Saltasaurus, wa Ajentina tena: vipande vya mfupa ndani ya ngozi ya mgongo. Vichwa vyao usivirefushe wala usivinenepeshe, wachoraji wengi hupenda kuwapa uso wa farasi.

Walikula nyasi?
*Mfugaji, Kondoa*

Wengi wao hawakuzikuta. Nyasi zimeanza kuonekana mwishoni mwa zama zao. India kulipatikana mavi yaliyogeuka jiwe, yanayodhaniwa ni ya titanosauri, na mwaka 2005 watafiti walitangaza kwamba ndani yake kuna chembe za nyasi. Kwa kawaida chakula kilikuwa misonobari na jamaa zake, makangaga, na baadaye mimea ya maua. Mwaka 2025 huko Australia ilitangazwa habari ya Diamantinasaurus aliyekutwa na majani tumboni: yamekatwa, hayakutafunwa. Ng'ombe wako wanacheua, hawa hawakuwa na habari hiyo.

Shikamoo Bi. Nimesikia huku kwetu kusini-magharibi nako kumechimbwa wenye shingo ndefu, na mmoja ana jina la Kiswahili. Ni kweli au ni maneno ya vijana?
*Mama wa watoto wanne, Kyela*

Marahaba mama. Ni kweli. Vijana wamesema vizuri, ingawa wangesema zaidi.

Katika Bonde la Ufa la Rukwa, pande za Songwe, wametolewa titanosauri watatu, wa wakati wa baadaye sana kuliko wa Lindi: kama miaka milioni 100 hivi iliyopita. Mwaka 2014 alitangazwa Rukwatitan. Mwaka 2017 Shingopana, ambaye jina lake halihitaji msaada wangu. Mifupa yake ilikutwa imetobolewatobolewa na wadudu waliomtembelea kabla mzoga haujakaa sana. Mwaka 2019 akaja *Mnyamawamtuka moyowamkia*, aliyechimbwa kwenye kingo za mto Mtuka kuanzia mwaka 2004. Pingili zake za mkia zina umbo la moyo ukizitazama kwa nyuma. Kati ya hao watatu, huyo ndiye mwenye mifupa mingi zaidi.

Titanosauri ndio waliobaki na kutawala ukoo wote huu mpaka mwisho. Patagotitan niliyemtaja juu ni wao. Kwa hiyo aliye Songwe ana ndugu Ajentina, na si ajabu, maana Afrika na Amerika ya Kusini zilikuwa zimeungana na wakati huo ndiyo kwanza zinaachana.

Na wewe mama una bahati ya mahali ulipo. Vuka mpaka pale Kasumulu uende Karonga, Malawi. Wana makumbusho yao yenye mfano mzima wa kiunzi cha Malawisaurus, titanosauri aliyechimbwa huko huko Karonga na kupewa jina lake la kwanza mwaka 1928. Wapeleke watoto. Ni karibu kuliko Dar es Salaam, na mbali sana na Berlin.

Mwalimu, hawa wa Tendaguru walichimbwa na nani hasa? Na mjusi wetu atarudi?
*Msomaji, Temeke, Dar es Salaam, na wengine*

Vitabu vinasema mwaka 1906 mhandisi wa madini Bernhard Sattler aligundua mifupa Tendaguru. Hilo neno "aligundua" mimi hulisoma kwa jicho moja, maana kilima hakikuwa katikati ya jangwa lisilo na watu. Mwaka 1907 akaja Eberhard Fraas kutoka Stuttgart kutazama. Kisha, mwaka 1909 hadi 1913, ikaja safari kubwa ya makumbusho ya Berlin ikiongozwa na Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck, yuleyule ambaye mwaka 1913 alikwenda Olduvai.

Tazama tarehe. Vita vya Maji Maji ni 1905 hadi 1907. Watu wa kusini walikuwa ndiyo kwanza wanatoka kwenye moto na njaa. Hao ndio waliochimba. Kuna misimu wafanyakazi walifika kama 500. Mifupa ilifungwa kwa mianzi na kuwekwa kwenye masanduku, ikabebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kama nne. Jumla iliyopelekwa Ujerumani hukadiriwa kuwa tani 230 hivi. Nikisoma kwamba Janensch alichimba mjusi, huwa nataka kumwonyesha mwandishi hizo tani 230 na kumwuliza Janensch alizibeba bega lipi.

Kiongozi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Alijua kufunua mfupa kwenye udongo bila kuuvunja, akasimamia mashimo na watu. *Australodocus bohetii*, yule mwenye pingili mbili za shingo, amepewa jina kwa heshima yake, ila ilikuwa mwaka 2007, karibu karne baada ya kazi. Na *keranjei* kwenye mkia wetu wa Wamwera ni Mohammadi Keranje, msimamizi mwingine aliyeshughulika na uchimbaji, aliyekumbukwa mwaka 2019. Waangalie wengine: *brancai* ni mkurugenzi wa makumbusho, Branca. *Janenschia* ni Janensch. *Tornieria* ni Tornier. *Dicraeosaurus sattleri* ni Sattler. Wengi wa hao hawakusubiri hivyo.

Baada ya vita ya kwanza ya dunia Waingereza nao walikuja, mwaka 1924. Kiongozi wao William Cutler alifariki Lindi mwaka uliofuata. Msaidizi wake alikuwa kijana mzaliwa wa Kenya, Louis Leakey, ambaye habari zake za baadaye mnazijua.

Kuhusu kurudi: jambo hili limeulizwa bungeni mara kadhaa na litaulizwa tena, na wabunge wa kusini wakiliuliza mimi huongeza sauti ya redio. Maoni yangu, kwa kuwa mmeyataka. Pale Berlin, pingili za mgongo na za shingo mnazoziona zimetundikwa si mifupa. Ni za kuigiza, kwa sababu zenyewe ni dhaifu na nzito, zimehifadhiwa kando. Kichwa kilichoko juu ni nakala pia. Wageni wanalipa kiingilio na hawalalamiki. Basi kama nakala inatosha kwa Berlin, nakala iliyo kamili ya Giraffatitan, na ya Dicraeosaurus, na ya mkia wa Wamwera, ingesimama Lindi mjini huku mazungumzo ya mifupa yenyewe yakiendelea. Mazungumzo hayo yasiachwe kwa sababu ya nakala. Lakini mtoto wa Nachingwea aliyeandika barua ya kwanza yuko kidato cha tatu mwaka huu, na anapaswa kuona zaidi ya picha moja kwenye kitabu.

Bi Mwalimu, ninafundisha darasa la sita. Sina picha, sina projekta. Nifanyeje waelewe tofauti zao?
*Mwalimu mwenzio, Masasi*

Kamba ya katani, mwenzangu. Nimeitumia miaka yote niliyofundisha. Chukua mita 40, ikunjue uwanjani, funga fundo la kuanzia, kisha funga kitambaa cha rangi kila unapomkuta mnyama: mita 6 Europasaurus, mita 9 Nigersaurus, mita 13 Dicraeosaurus, mita 22 Giraffatitan, mita 26 Diplodocus wa Marekani, mita 37 Patagotitan. Msimamishe mtoto mmoja kila kitambaa, mpe jina la mnyama alijifunze mwenyewe. Wakubwa wa darasa watagombea Patagotitan, wewe mpe mtoto mpole.

Usiishie kwenye urefu wote. Rudi kwenye Giraffatitan, pima mita 8 na nusu kutoka fundo la kwanza: hiyo ni shingo. Waambie wapige hatua waone imekula sehemu gani ya mnyama mzima. Halafu wapeleke chini ya mwembe na uulize nani kati ya wale wa kamba angefika tawi gani, na nani asingejisumbua kuinua kichwa. Hapo wataanza kubishana wenyewe, na wewe kaa kivulini.

Jina la shule liandike kwenye kamba kwa wino usiotoka. Yangu ya mwisho niliikuta imeanikiwa nguo kwenye nyumba za walimu, vitambaa vikiwa bado vimefungwa.